Shauri la Hadrun Mshika Taa

Alhamisi, tarehe 14 Machi 1985, Lorna Skovgaard alimwambia mdogo wake hapana. Tarehe hiyo bado inasomeka. Imeandikwa kwa penseli kwenye boriti ya chumba cha chini cha nyumba ya Russ Habeck, mjini Racine, kando ya jina Hadrun Mshika Taa, kati ya bomba la maji ya moto na kamba ya kuanikia nguo.

Hadrun hakuwa mtu. Alikuwa mhusika wa mchezo, aliyetoka kichwani mwa Verlyn Skovgaard, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa kwenye kiwanda cha matrekta. Kwenye meza ya Habeck, mhusika akifa, jina lake huandikwa kwenye boriti. Majina yako mengi. Mengine yamefifia, mengine yameliwa na unyevu. La Hadrun ndilo pekee ambalo hakuna aliyelitaja mbele ya Lorna bila kwanza kumwangalia usoni.

Lorna sasa ana miaka sitini na minane. Maisha yake ya kazi aliyapitisha kwenye chumba cha nyuma cha duka la miwani, akisaga lenzi. Hakuolewa. Alimtunza mama yake hadi mwisho, na bado anaishi kwenye nyumba ileile ya matofali ya njano. Jikoni kwake pana saa ya ukutani, redio, na mkate wa kringle uliofunikwa kwa karatasi ya nta, kwa sababu Racine mtu anaweza kupita bila kupiga simu na ni aibu kukutwa huna. Ukimwuliza alikuwa nani mjini hapa, atakwambia alisaga miwani. Ukiwauliza wenzake wa mchezo wa kila Alhamisi, watakwambia alikuwa mwamuzi.

Mchezo wenyewe ni wa maneno na dadu. Msimulizi, ambaye kwenye meza hii amekuwa Russ siku zote, anaeleza ulimwengu: pango, mji, zimwi mlangoni. Kila mchezaji ana mtu wake ndani ya ulimwengu huo na anasema mtu wake anafanya nini. Pakiwa na shaka kama jambo litafanikiwa, dadu inarushwa. Pakiwa na shaka kitabu cha sheria za mchezo kinasema nini, watu wanamgeukia Lorna.

Hakuna aliyemchagua. Russ alilileta boksi la kwanza la mchezo mwaka 1979, amelibeba kifuani chini ya koti kwa sababu ya theluji. Wanaume walisoma kurasa zenye picha. Lorna alisoma zisizo na picha. Kufikia majira ya kuchipua alikuwa anapigiwa simu dukani. Mwenye duka alidhani ni wateja, mpaka bibi mmoja aliyekuja kuchukua miwani yake alipomsikia fundi akisema kwenye simu, kwa sauti ya upole kabisa, "Hapana, ukishageuka jiwe huwezi kunywa dawa. Mwenzako akumwagie." Bibi yule aliondoka na miwani yake na hakurudi kuirekebisha.

Sehemu ngumu ya kitabu kile, na ndiyo Lorna aliyoipenda, ilikuwa ya umahiri. Umahiri ni ufundi maalumu ambao mhusika anaweza kujifunza, na kila umahiri una sharti lake: uwe na nguvu kiasi fulani, ujue upanga, uweze kufanya uchawi wa daraja fulani. Waandishi wa kitabu walikuwa vijana wenye haraka. Waliandika masharti kwa mstari mmoja mmoja na kuwaachia wachezaji ugomvi.

Ugomvi wa kwanza mkubwa ulikuwa wa Butch Kaczmarek, mtu wa soseji, ambaye baba yake alikuwa na bucha upande wa kusini wa mji na yeye akairithi. Mtu wa Butch hakuwa na nguvu za kutosha kujifunza Pigo la Nyundo. Akapata glavu za jitu, zenye kumwongezea mvaaji nguvu. Akazivaa, akajifunza. Wiki chache baadaye vibwengo wakaiba glavu usiku, na asubuhi Butch akataka kupiga Pigo la Nyundo mikono mitupu.

"Nimeshajifunza," alisema. "Mtu akishajua kuendesha baiskeli, ukimvua viatu anasahau?"

"Sharti linaangaliwa siku ya kujifunza, na linaangaliwa tena kila unapotumia," Lorna alimjibu. "Ufundi wako haujafutika. Umelala. Vaa glavu, utaamka."

"Na wakinivua tena?"

"Utalala tena."

Majira yote ya baridi yaliyofuata mtu wa Butch alilala na glavu mkononi, alioga na glavu, na alifunga ndoa na glavu. Bado wanalicheka.

Uamuzi ulikuwa mzuri, lakini watu hawakuuacha. Kila Alhamisi mtu aliurudia, hata wasiohusika, mpaka jioni moja ya mwaka 1983 mchezo haukuanza kabisa. Joyce, mke wa Russ, alishuka ngazi na kapu la nguo za kufua, akasimama kusikiliza, kisha akaweka sheria ambayo haimo kwenye kitabu chochote. Uamuzi uliotolewa unasimama. Anayeweza kuufungua tena ni yule tu aliyeumizwa nao. Wengine wote wanyamaze, wale chakula chao. Akaongeza, akimwelekezea Lorna kidole, kwamba mwamuzi hawezi kujifungulia shauri mwenyewe wala kumwita mtu aje alifungue, la sivyo wataanza kumsumbua kwake. Kisha akaenda kufua.

Joyce alifariki miaka sita iliyopita. Sheria yake haikuguswa.

Kwa hiyo tunafika kwa Hadrun. Verlyn alimjenga kwa muda mrefu, na alimjenga mtu asiye wa kawaida: hakusomea uchawi hata siku moja, bali alizaliwa na nuru. Akinyoosha mkono, nuru hutoka, kali kiasi kwamba kitabu kilikipa kipaji hicho daraja la tatu. Verlyn alimfundisha umahiri uitwao Mlinzi wa Mlango, ambao humruhusu mtu mmoja kusimama kwenye mlango na kurusha dadu dhidi ya jeshi zima. Sharti: awe anaweza kufanya uchawi wa daraja la tatu. Hakuna aliyeliangalia sharti hilo wakati Hadrun anajifunza. Lililetwa mezani siku jeshi lilipofika, mlango wa ngome ya Karsk uko wazi, wenzake wote wako nyuma yake.

"Nasimama mlangoni," Verlyn alisema.

Russ akamgeukia Lorna. Lorna akafungua kitabu. Vipaji vya kuzaliwa vilikuwa kwenye sura moja, uchawi wa kusomea kwenye nyingine. Kipaji si uchawi, alisema. Sharti halijatimia. Hapana.

Bila umahiri huo hakukuwa na dadu ya kurusha. Jeshi lilimpitia Hadrun juu. Wenzake walikuwa wameshapata nafasi ya kukimbia, jambo ambalo Russ alilisisitiza kwa wema. Verlyn aliandika jina mwenyewe, akavaa koti, akapanda ngazi. Hakurudi mezani.

Hakukuwa na ugomvi wa kuonekana. Verlyn aliendelea kuja Krismasi. Alimkatia mama yao nyasi, akamfanyia Lorna gari matengenezo, na kwenye mazishi ya mama walisimama bega kwa bega. Anaishi Caledonia, ambako ni karibu sana kwa watu kusingizia umbali. Lakini Alhamisi ilipotajwa, alisema ana kazi ya kumalizia gerejini.

"Kwa watu wa nje ni upuuzi," Lorna aliniambia, akikata kringle. "Mzozo wa mtu asiyekuwepo, kwenye mlango usiokuwepo. Lakini yeye alikuwepo. Alikaa pale kwenye kile kiti cha plastiki chekundu, na mimi sikumwangalia. Niliangalia kitabu."

Mwaka 1997 ndipo mambo yalipoharibika, ingawa usiku ule wote walishangilia. Mtu wa Butch wakati huo alikuwa mbilikimo aitwaye Gundrik, mwenye pete inayozuia uchawi wowote usiozidi daraja la tatu. Malkia wa chini ya ardhi, ambaye Russ alimtayarisha kwa miezi, alimpulizia moto. Moto ule haukuwa wa kusomea. Malkia alizaliwa nao. Je, pete ya kuzuia uchawi inazuia kipaji?

Lorna alisoma. Kitabu kiliupa moto ule daraja la tatu, na daraja, alisema, halina maana nyingine ila kukipima kipaji kama uchawi wa daraja hilo. Pete inazuia. Gundrik hakuungua hata ndevu. Butch alimbusu Lorna kwenye paji la uso, kisha wakamaliza brandi ya Russ.

Lorna aliliona kosa akiwa ndani ya gari, kwenye taa nyekundu, kabla hajafika nyumbani. Kama kipaji ni uchawi kinapomchoma mbilikimo, ni uchawi pia kinapomsimamisha kijana mlangoni. Maamuzi yake mawili hayakuweza kukaa chumba kimoja. Na kwa sheria ya Joyce hakuruhusiwa kusema neno. Aliyeumia alikuwa Verlyn. Afungue yeye, au lisifunguliwe.

Mtu mwingine angempigia simu ndugu yake. Lorna hakupiga. Ukimwuliza kwa nini, anakushangaa kidogo, kama umemwuliza kwa nini hakupita taa nyekundu wakati barabara ni tupu. Alichofanya ni kusubiri.

Majira ya baridi yaliyopita Russ aliuza nyumba. Magoti yamemshinda ngazi, na binti yake amempatia chumba Arizona. Wanunuzi ni vijana wawili wapole wanaotaka kuziba dari ya chumba cha chini kwa mbao nyeupe. Russ akatangaza Alhamisi ya mwisho, tarehe 13 Machi, na akasema kila aliyewahi kuketi kwenye meza ile aitwe. Aliwapigia simu mwenyewe. Wawili walikuwa wamekufa, mmoja alikuwa Alaska. Kwa Verlyn simu ilipokelewa haraka.

"Nitakuja," alisema. "Lakini nina shauri."

Russ alipomfikishia Lorna habari hizo, Lorna alisema sawa, akaweka simu, na kwa siku zilizobaki hakufungua kitabu. Alikuwa anakijua. Asichokijua ni kama mdogo wake alikuwa anakuja kuketi au kuaga.

Jioni hiyo theluji ya mwisho ilikuwa imekaa kwenye vivuli tu. Mezani palikuwa na jibini, soseji za Butch na sufuria ya viazi. Tanuri la kupashia nyumba joto lilinguruma kila baada ya muda na kila mtu akapandisha sauti bila kujua, kama zamani. Butch, ambaye sasa ana nywele pembeni tu, alimtazama Lorna akishuka.

"Mheshimiwa Jaji, umevaa hereni. Kuna harusi?"

"Kaa, Butch, kabla kiti hakijakuchoka."

"Kiti hiki kimenibeba tangu enzi za glavu. Kinanipenda."

Verlyn alishuka wa mwisho, ameinamisha kichwa chini ya bomba bila kuangalia. Mkononi alikuwa na bia, na kwapani kiti cha kukunja.

"Cha nini hicho?" Russ alimwuliza. "Viti vipo."

"Sikujua kama changu kipo."

Russ alinyoosha kidole. Kiti cha plastiki chekundu kilikuwa mahali pake, kando ya mashine ya kukaushia nguo. Verlyn alikiangalia, akaegemeza kile cha kukunja ukutani, lakini hakuketi.

"Nafungua shauri," alisema. "Hadrun, mlango wa Karsk, mwaka themanini na tano. Aliyeumia ni mimi."

"Ni haki yake," alisema Russ.

Lorna alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa. "Sema."

Verlyn alisema akiwa amesimama, mikono mifukoni, bila kupandisha sauti. Mwaka tisini na saba malkia alimpulizia Butch moto wa kuzaliwa nao. Pete ya Butch inazuia uchawi. Mwamuzi alisema moto wenye daraja ni uchawi wa daraja hilo. Nuru ya Hadrun ilikuwa na daraja, lilelile la tatu. Kama moto ulikuwa uchawi kwa Butch, nuru ilikuwa uchawi kwake. Hana la ziada.

Tanuri likazima.

"Hili umelijua tangu lini?" Lorna aliuliza.

"Tangu tisini na saba. Butch alilitangaza kwenye mlo wa samaki wa Ijumaa, ukumbi mzima ukasikia. Na mwaka uliofuata akalitangaza tena."

"Ilikuwa habari nzuri," Butch alijitetea.

"Na hukuja," alisema Lorna.

"Hukuniita."

"Mwamuzi haiti."

"Najua. Nilikuwepo Joyce alipoisema. Lakini wewe ni dada yangu pia, au cheo hicho nacho kilifutwa?"

Lorna aliangalia mikono yake, kisha akasema maneno ambayo, kwa mtu asiyemjua, yangeonekana kama anatafuta pa kukimbilia.

"Mashauri mawili yanagongana. Moja lazima lianguke. Kama la themanini na tano likianguka, Hadrun alitimiza sharti. Kama la tisini na saba likianguka, Gundrik aliungua."

Butch aliacha kutafuna. "Subiri kwanza. Gundrik ana wajukuu!"

"Sijasema ameungua. La tisini na saba nani aliumia nalo?"

Kila kichwa kilimgeukia Russ. Malkia alikuwa wake. Miezi ya kazi yake ilizimwa na pete moja, na si mara moja tu amesema kwamba usiku ule alitaka kulitupa boksi zima kwenye ziwa. Kama angetaka kulifungua, mdomo ulikuwa wake.

"Russ," alisema Butch, "kumbuka nani anakuletea soseji."

"Soseji za Arizona nasikia ni mbaya," Russ alisema polepole.

"Nitakutumia kwa posta! Kwa barafu!"

Russ alijikuna kidevu. Alikuwa anafurahia, na alijua ni mara ya mwisho kufurahia hivyo mahali pale. "Yule malkia nilimchora taji kwa mkono," alisema. "Lakini Joyce alimpenda sana yule mbilikimo. Sifungui."

"Basi la tisini na saba linasimama," alisema Lorna. Alimwinulia Verlyn uso, na safari hii hakuwa na kitabu mbele yake. "Kipaji chenye daraja kinahesabiwa kama uchawi wa daraja hilo, kikimsaidia mtu au kikimdhuru. Hadrun alitimiza sharti. Nilikosea."

Verlyn alitikisa kichwa kukubali. Hakutabasamu. Alivuta kiti chekundu, akaketi, na goti lake likagonga mashine ya kukaushia nguo palepale lilipokuwa likigonga.

"Haya," alisema Russ, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya zamani. "Turudi Karsk. Mvua. Mlango umevunjwa, bawaba moja inaning'inia. Wenzako wako kwenye ngazi. Jeshi linakuja na mienge. Unafanya nini?"

"Nasimama mlangoni. Nanyoosha mkono."

"Nuru inatoka. Safu ya kwanza inafumba macho. Kumi na moja au zaidi, wanarudi nyuma. Chini ya hapo, unajua."

Verlyn alitoa mfukoni dadu nyekundu ya pande ishirini. Dadu za wakati ule ziliuzwa bila rangi kwenye namba, na kila mtu alisugua kalamu ya nta mwenyewe ili zisomeke. Nta ya Verlyn ilikuwa mpya, nyeupe safi. Alikuwa ameisugua wiki hiyo.

Akarusha. Dadu iligonga sufuria ya viazi, ikazunguka, ikatulia.

Nne.

Butch alishindwa kujizuia. "Pole, mzee. Miaka arobaini unasubiri, unapata nne."

Verlyn alianza kucheka. Alicheka kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, kisha akalazimika kufuta macho, na Lorna akamsukumia leso ya karatasi bila kumwangalia, kwa sababu na yeye alikuwa anahitaji moja.

"Kufa si kitu," Verlyn alisema alipopata pumzi. "Nilitaka nirushe tu."

Russ alimpa penseli. Verlyn alisimama, akainua mkono, na chini ya tarehe 14 Machi 1985 akaandika 13 Machi 2025. Butch alisema wanunuzi wakiona watadhani ni mtu aliyezikwa mara mbili. Lorna alisema ndivyo ilivyo.

Walicheza hadi jibini ikaisha. Verlyn, kwa kuwa hakuwa na mhusika, alipewa kuwachezea maadui, na alimpiga Gundrik vibaya mno.

Nyumba inakabidhiwa mwisho wa mwezi. Alhamisi ijayo wanacheza gerejini kwa Verlyn, Caledonia, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, Russ akiwa kwenye simu. Verlyn anatengeneza mhusika mpya, na Jumanne jioni Lorna anakwenda kukagua masharti yake.